Kidude Kinachotema Mate: Hotuba Kuhusu Maji Yanayorudi Nyuma

Mabibi na mabwana, wenye nyumba, wenye karavani, na nyinyi mafundi bomba wenzangu mliojipanga nyuma kabisa kama kawaida yetu, habari za jioni.

Fundi bomba hana mazoea ya kusimama mbele za watu. Sisi tumezoea kulala chali chini ya sinki na kuongea na wateja huku tukiwaona viatu tu. Ndiyo maana nimekuja na vyombo vyangu, ili mdomo ukikwama mikono iendelee.

Tazameni mezani. Lile dumu nililolipandisha juu ya rafu ndilo bomba kuu la mtaani. Mpira huu mweupe unaoonyesha ndani unashuka kutoka kwenye dumu hadi sakafuni. Njiani nimefunga tii mbili, vile viungo vya midomo mitatu. Ile ya juu imetoa mpira mwingine, na mwisho wake umezama kwenye ndoo yenye maji niliyotia wino wa buluu. Hiyo ndoo ifanyeni iwe chochote kinachowakirihi: ndoo ya deki, bwawa la kuogelea, bomba la kupulizia dawa ya wadudu. Tii ya chini ina koki ndogo, ambayo leo ni koki ya jikoni, pale mnapojazia birika. Sakafuni nako kuna koki kubwa. Nikiifungua hiyo, maana yake bomba kuu limepasuka barabarani.

Nafungua dumu. Ndoo inapokea maji masafi, jikoni kunatoka maji masafi, kila mtu ameridhika. Sasa nafunga dumu, na bomba la barabarani linapasuka. Msiangalie sakafuni. Angalieni ule mpira wa kwenye ndoo.

Mmeiona? Buluu imepanda ukingo wa ndoo, imevuka tii, inateremka zake. Hapa hapana pampu wala mtu aliyevuta kwa mdomo. Basi, mafundi wa barabarani wamemaliza kazi, nafunga koki ya sakafuni, nafungua dumu, maji yamerudi. Mama, wewe wa mstari wa mbele, naomba unikingie glasi kwenye koki ya jikoni.

Ndiyo. Buluu. Usiinywe, mama, ni wino.

Tumelelewa tukiamini kwamba bomba ni barabara ya kwenda tu. Maji yanatoka mtamboni, yanakuja kwetu, tukishayatumia yanaenda zake. Maji yenyewe hayajui lolote kuhusu hilo. Yanafuata presha: yanatoka penye presha kubwa na kuelekea penye ndogo, na siku presha ya barabarani ikiwa ndogo kuliko ya ndoo yako, ndoo yako ndiyo mtambo wa maji wa mtaa mzima.

Tunasema maji yamenyonywa. Nami nitaendelea kusema hivyo kwa kuwa ndivyo tunavyosema, lakini kazi yenyewe inafanywa na hewa. Hewa iliyo juu yetu ina uzito, na kwenye usawa wa bahari uzito huo unaweza kuyasukuma maji yakapanda karibu mita 10 ndani ya bomba lisilo na hewa. Mita 10 ni ghorofa tatu. Nikitoa presha yote ndani ya bomba, hewa iliyokaa juu ya uso wa ndoo inayabonyeza maji ya ndoo, nayo yanakimbilia kwenye mpira kwa sababu huko hakuna kinachoyazuia. Shikeni hilo la hewa, kwa maana dawa tutakayoijadili jioni hii ni hewa hiyohiyo.

Presha inaanguka kwa njia nyingi, na karibu zote ni za kawaida kabisa. Bomba limepasuka. Umeme umekatika na pampu ya maji imezima. Zimamoto wameunganisha mipira yao kwenye haidranti na wanavuta maji kuliko bomba linavyoweza kutoa. Au ni ndani ya jengo lako mwenyewe: umefunga koki kuu ili ubadilishe washa, kile kipete cha raba ndani ya koki, mtu wa ghorofa ya chini anafungua maji, na juu kwako mpira wa kuogea umelala ndani ya beseni lililojaa povu.

Hilo la zimamoto linanikumbusha kisa ambacho sisi wa kazi hii tunafundishwa mapema. Mwaka 1969, katika chuo cha Holy Cross, mjini Worcester, jimbo la Massachusetts, timu ya mpira wa miguu wa Kimarekani ilianguka karibu yote kwa homa ya ini aina ya A. Wachezaji walikuwa wamekunywa maji ya bomba la uwanja wa mazoezi. Uchunguzi ulipofanyika, ilionekana kwamba bomba hilo lilipita kwenye vishimo vya kumwagilia uwanja, na karibu na vishimo hivyo walikuwa wakicheza watoto waliokuwa na ugonjwa huo. Kulitokea moto katika mtaa wa jirani, zimamoto wakavuta maji, presha ikaanguka, na maji machafu ya kwenye vishimo yakaingia bombani. Timu ilicheza mechi mbili tu, msimu ukafutwa. Hakuna aliyevunja kitu. Kila mmoja alikuwa akifanya kazi yake, zimamoto na wamwagiliaji.

Nyuma zaidi, 1933, wakati wa maonyesho ya dunia mjini Chicago, wageni wa hoteli mbili walipata kuhara damu kwa ameba kwa sababu mabomba ya maji ya kunywa na ya maji taka yalikuwa yamekutana mahali yasipopaswa. Watu 98 walikufa. Wengi walikuwa wameshasafiri kurudi makwao ugonjwa ulipojitokeza, na madaktari wa miji mingine hawakujua wanatazama nini.

Sasa nafunga hiki.

Kinaitwa kivunja-ombwe, na ombwe ni mahali palipokosa hewa. Ni jina kubwa kwa kitu kinachofichika kwenye kiganja. Mimi hukiita kitema mate, na mtaona sababu. Ni shaba, juu kina meno ya skrubu ya kujifunga kwenye koki ya nje, na chini mengine ya kupokea mpira. Pembeni kina vitundu vidogo kukizunguka. Ndani mna washa ya raba na springi, basi. Maji yakija na presha, yanaisukuma washa, washa inaziba vile vitundu vya pembeni, njia ya maji inafunguka. Presha ikianguka, springi inairudisha washa juu, njia ya maji inafungwa, vitundu vinabaki wazi, na hewa inaingia kwenye mpira. Hewa ikishaingia, hakuna tena kunyonya. Ombwe limevunjika.

Nimekifunga kwenye tii ya juu. Ndoo ile ile, buluu ile ile. Dumu wazi, sasa nalifunga, na barabarani bomba linapasuka tena.

Mmesikia ile sauti? Kama mtu anayevuta chai ya moto. Na angalieni mpira wa kwenye ndoo: buluu ilijaribu kupanda, ikafika urefu wa kidole, ikaanguka. Na meza yangu imelowa, kwa sababu maji yaliyokuwa ndani ya mpira yametemwa nje kupitia vitundu.

Huko kulowa ndiko kulikonileta hapa, maana ndiko kunakokiua kidude hiki. Mtu anafunga koki ya bustani, kivunja-ombwe kinatema maji kwenye kiatu chake. Anasema kimeharibika. Anakipigia kelele, anakizungushia tepu ya plastiki, au analeta plaisi na kukitoa. Mpira wa bustani wa mita 15 wenye kipenyo cha ndani cha nusu inchi unabeba lita 2 za maji. Ukifunga koki, maji hayo yamebaki na presha ndani yake, na hayana pa kwenda ila kwenye vile vitundu. Kutema ndiyo kazi yenyewe. Kisipotema kabisa, wakati wowote, hapo ndipo mimi ningeanza kukitilia shaka.

Kikivuja wakati maji yanapita kwa nguvu, koki ikiwa wazi na mpira unamwaga kama kawaida, hilo ni jambo jingine. Washa imechoka au kuna mchanga umekaa chini yake. Kibadilishe. Hakigharimu hata robo ya kiatu ulicholowesha.

Wenye kuvitengeneza wanatujua tabia zetu. Ndiyo maana vingi vina skrubu pembeni ambayo unaikaza mpaka kichwa chake kinakatika, ili usiweze kukitoa tena bila kukiharibu. Nimekuta nyumba ambako mtu amekatakata shaba kwa msumeno kwa saa nzima ili tu asitemewe mate. Bidii ya namna hiyo ingeweza kujenga uzio. Ila kwa wanaoishi penye baridi ya kugandisha, skrubu hiyo ina shida yake: kidude kikibaki na maji juu yake, koki inapasuka majira ya baridi. Mnunue ile aina yenye kipini cha kumwagia maji, au koki ambayo kivunja-ombwe kimejengwa ndani yake.

Kuna mambo matatu ambayo kitema mate hakiyawezi, na fundi anayewaficha haya anawauzia usingizi.

La kwanza ni kufungiwa. Kivunja-ombwe cha kawaida hakikuumbwa kukaa na presha usiku na mchana. Kanuni za ufundi zinakubali saa 12 katika saa 24. Mtu anafunga bunduki ya kunyunyizia mwishoni mwa mpira, anaachia kifyatulio, anaingia ndani kulala, koki ikiwa wazi. Springi imebanwa, washa imegandamana na kiti chake kwa wiki nzima. Siku ombwe likija, washa haiondoki. Kwa hiyo ukimaliza, funga koki yenyewe, achana na bunduki. Vivyo hivyo kwa zile saa zinazofungua na kufunga maji ya bustani zenyewe, na zile koki za mikono miwili zinazogawa maji kwa mipira miwili: zikae juu ya kivunja-ombwe, upande wa maji yanakotoka. Zikikaa chini yake, zinakifunga ndani.

La pili ni kimo. Kile kivunja-ombwe kinachofungwa kwenye bomba la kumwagilia au la mashine kinapaswa kuwa juu ya kila tundu linaloyatoa maji kule mbele, kwa sentimita 15 angalau. Aina ile yenye springi ya kuhimili presha ya kudumu inataka sentimita 30. Ukikifunga chini, kwenye kisanduku kilichochimbiwa ardhini ili bustani ipendeze, umekizamisha. Kidude cha kuingiza hewa kikiwa ndani ya dimbwi kitaingiza dimbwi.

La tatu ndilo zito. Maji hurudi kwa njia mbili. Moja ni hii ya kunyonywa tuliyoiona. Nyingine ni kusukumwa: upande wako unapokuwa na presha kubwa kuliko ya barabarani. Pampu inaweza kufanya hivyo, boila inaweza, hata tangi lililo juu ya paa. Hapo barabarani hakuna ombwe la kuvunjwa. Kuna mtu mwenye nguvu zaidi. Mnamo Novemba 2007, katika mji wa Nokia nchini Ufini, kwenye mtambo wa kusafisha maji taka kulikuwa na bomba lililounganisha maji ya kunywa na maji taka yaliyokwisha kusafishwa, na katikati yake valvu. Valvu ikafunguliwa. Karibu lita 450,000 za maji taka ziliingia kwenye mabomba ya mji, na inakadiriwa kwamba watu zaidi ya 8,000 waliugua tumbo. Ungeweka vivunja-ombwe mia pale, visingesaidia kitu. Pale palitakiwa bomba lile lisiwepo.

Penye hatari ya kusukumwa tunatumia valvu za njia moja. Penye hatari kubwa zaidi kuna kifaa chenye valvu mbili za njia moja na chumba katikati. Presha ya chumba hicho inawekwa chini ya ile ya barabarani, na mambo yakienda kombo chumba kinafunguka na kumwaga maji sakafuni. Mnaona, hata huyo mkubwa naye anatema. Anahitaji kupimwa na fundi mwenye geji kila mwaka, na anahitaji mahali pa kumwagia. Nyumba ya kawaida haina haja naye, ila kama una bomba la kumwagilia linalochanganya mbolea, uliza.

Nitoe onyo dogo hapa, kwa kuwa nimewahi kuitwa usiku kwa sababu yake. Ukifunga valvu ya njia moja kwenye bomba kuu la nyumba, umeifunga nyumba. Hita yenye lita 150, ikiyapasha maji kutoka nyuzi 10 hadi 60, inayatanua kwa karibu lita 2 na nusu. Zamani lita hizo zilirudi barabarani bila mtu kujua. Sasa hazina mlango. Valvu ya usalama ya hita itaanza kudondosha, viungo vitaanza kulalamika. Fungeni tangi dogo la kutanukia pamoja na ile valvu, siku ileile.

Tuje kwenye karavani. Nimeziacha makusudi, kwa kuwa karavani ni nyumba ambayo choo na koki ya kunywea zimetenganishwa na ubao wa unene wa kidole, na yote yametikiswa barabarani kutwa nzima.

Karavani ina mifumo miwili ya maji ndani ya bomba moja. Ukiwa safarini, pampu inavuta kutoka kwenye tangi la maji safi. Ukifika kambini unaunganisha mpira nje, na presha ya kambi inafanya kazi ya pampu. Valvu mbili za njia moja ndizo zinazotenganisha mambo: moja ipo kwenye mdomo wa nje, nyingine ipo ndani ya pampu. Mkitaka kujua kama ziko hai, karavani yenyewe itawaambia. Umeunganisha maji ya kambi, na tangi lako la maji safi linajaa lenyewe mpaka linafurika chini ya gari? Tazama ya pampu. Umetenganisha mpira, umewasha pampu, na mdomo wa nje unadondosha? Ya mdomo. Mara nyingi ni chembe ya mchanga tu.

Kisha kuna vivunja-ombwe. Kimoja kiko nyuma ya choo. Choo kikivuja nyuma pale tu unapokanyaga pedali, kisha kikanyamaza ukiachia, usianze kung'oa choo kizima. Karibu kila mara ni hicho, kimepasuka kwa baridi. Kingine kiko kwenye bafu, kati ya koki na mpira wa kuogea. Hicho kitadondosha ukishafunga maji na kuutundika mpira juu, kwa kuwa maji yaliyobaki mpirani yanatafuta pa kutokea. Kiacheni.

Na kuna cha tatu, ambacho nina habari nacho binafsi.

Karavani nyingi zina mdomo wa nje wa kusafishia tangi la choo. Unafunga mpira pale, maji yanapanda ndani ya ukuta, yanapinda, yanashuka na kunyunyiza ndani ya tangi. Kwa nini yapande kwanza? Kwa sababu pale juu kabisa, nyuma ya ukuta wa bafu, juu zaidi ya ukingo wa choo, kuna kivunja-ombwe. Mtengenezaji alilipandisha bomba kwa ajili yake.

Nilikuwa na mwaka mmoja na kitu kazini. Mwenye karavani akaniambia, "Fundi, kila nikisafisha tangi, ukuta unalia." Nikafungua ukuta. Kile kidude kilikuwa cha plastiki, kofia yake imepata ufa, kinamwaga. Sikuwa nacho kingine kwenye mkoba, na mtu alitaka kuondoka asubuhi. Nikakikata, nikaunganisha bomba kwa bomba kwa elibo mbili, vile viungo vya kona. Ukuta ukanyamaza. Nikasifiwa, nikalipwa.

Jioni yule mzee aliyenifundisha kazi akaniuliza, "Ulichokitoa kiko wapi?" Nikakitoa mfukoni. Akakigeuzageuza, akakiweka mezani, akaendelea kula. Alfajiri akanigongea. Tukaenda kumwamsha mwenye karavani, mzee akamwomba radhi, akaomba dakika kumi.

Akafunga valvu ya kumwagia tangi. Akafunga mpira kwenye koki ya kambi na mwisho wa pili kwenye mdomo wa kusafishia, akafungua maji. Tangi likajaa hadi kikafunikwa kile kinyunyizio cha ndani. Akafunga koki. "Sasa fungua mpira huku kwenye koki," akaniambia, "uushike chini."

Nikaushika. Yakatoka maji masafi, ya mpirani. Nikadhani yameisha. Hayakuisha. Yakatoka ya kijivu, halafu ya kahawia, kisha nikapata harufu, na kipande cha karatasi kikakwama kwenye kidole changu. Mpira ulikuwa unalimimina tangi la choo kwenye mkono wangu, taratibu, bila pampu. Valvu ya njia moja ilikuwapo kwenye ule mdomo, kumbe ilikuwa imekwama kwa uchafu, na hicho nilichokikata ndicho kilichokuwa kinamlinda kila mtu.

Mzee hakugombeza. Aliuliza tu, "Mwanangu, huo mdomo wa mpira ulioushika, dakika tano zilizopita ulikuwa umefungwa wapi?"

Ulikuwa umefungwa kwenye koki ya kambi. Mtu wa karavani iliyofuata angekuja kujaza tangi lake la kunywa palepale. Na kama presha ya kambi ingeanguka mpira ukiwa bado umefungwa, nisingekuwa na haja ya kuufungua. Ungekuwa umeshajipeleka wenyewe kwenye mabomba ya kambi nzima. Tulirudisha kivunja-ombwe kipya mchana ule, kwa gharama yangu.

Kwa hiyo nina tabia ambazo mke wangu anaziita wasiwasi. Mpira wa maji ya kunywa na mpira wa kusafishia tangi la choo kwangu havifanani rangi, havikai kisanduku kimoja, na havikutani hata kwa bahati mbaya. Nikifika kambini, kabla sijafunga mpira, natazama kwanza koki: ina kitema mate? Kama haina, nafunga cha kwangu ninachotembea nacho. Naosha mdomo wa koki kwa maji yenye dawa ya klorini, kwa sababu nimewaona watu wakisuuza mipira yao ya maji taka palepale, mdomo wa mpira umegusana na mdomo wa koki kama ndege wanaolishana. Na ninaposafisha tangi siondoki. Tangi likifurika, litapanda mpaka lilipo bomba lolote litakalolipokea.

Niliahidi kurudi kwenye hewa.

Vyote nilivyowaonyesha vina springi, raba, na viti vya shaba, na kila chenye springi kitachoka siku moja. Kuna kinga isiyo na kitu cha kuchoka, nayo ni nafasi. Mdomo wa koki uwe juu ya ukingo wa sinki, hewa katikati. Kipimo cha mafundi ni mara mbili ya kipenyo cha mdomo wa koki, na kisipungue milimita 25. Hakuna ombwe linaloweza kuyarusha maji ya sinki yakavuka pengo hilo. Kanuni za Ulaya zimeyagawa maji katika madaraja 5 kwa hatari yake, na kwa daraja la 5, ambamo vyoo vimo, jibu la kawaida ni pengo hilohilo la hewa. Ndiyo maana koki ya jikoni imepinda shingo namna ile. Watu wanadhani ni urembo.

Mkirudi nyumbani, fungueni kifuniko cha tangi la kuvuta choo. Kwenye valvu ya kujazia, nyingi zina mstari wenye herufi CL, kifupi cha Kiingereza cha "critical level", yaani kimo cha hatari. Mstari huo unapaswa kuwa milimita 25 au zaidi juu ya mdomo wa bomba la kufurikia. Nimekuta vyoo vingi ambavyo valvu imeshushwa ili kifuniko kikae vizuri, na mstari umezama. Choo kinavuta vizuri, hakuna anayejua. Ni dakika mbili kuipandisha.

Halafu mtembee nyumba nzima mkiitafuta mipira. Koki imara si tatizo. Tatizo ni mpira, kwa sababu mpira unaweza kulala popote. Mpira wa bustani umelala kwenye dimbwi? Wa kufulia umesukumwa ndani kabisa ya bomba la maji machafu mpaka umekaza? Wa kuogea ni mrefu kiasi cha kufika ndani ya choo? Kila mpira unaofika majini ni ndoo yangu ya buluu. Wa kuogea ufupishwe au ufungwe kitanzi ukutani, wa kufulia uachiwe nafasi ya hewa, wa bustani upewe kitema mate.

Nimeambiwa muda umeisha na bado kuna maswali. Lile la bwana mwenye kofia nimelisikia tangu mwanzo: kitema mate chake kinapiga mluzi usiku. Bwana, huenda usiku presha ya mtaa wako inaanguka na kinavuta hewa. Kingekuwa hakipo, bomba lingevuta kilichomo kwenye mpira wako. Nenda kauone mwisho wa mpira huo umelala wapi.

Wengine njooni mezani. Kuna kitema mate kilichokatwa katikati ili muione washa na springi, kuna kingine kipya, na kuna bisibisi. Yule atakayemwaga ndoo ya buluu atadeki mwenyewe.